Uru wanajua kutulia mlimani, wakishuka wanasahau

Ukipanda kutoka Rau kuelekea Materuni asubuhi ya Jumamosi, utakutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wa mchakamchaka. Jezi zimelowa, mmoja anaongoza wimbo, wenzake wanaitikia, na kilima wanakipandisha kana kwamba kuna mtu anawafukuza kwa nyuma. Wa pili ni wazee. Wamekaa vibarazani na kwenye mawe ya kando ya njia, wanawatazama vijana wakipita, wanawarushia utani kidogo, halafu wanarudi kwenye mazungumzo yao.

Uliza ni kundi gani kati ya hayo linafanya mazoezi, hata mtoto wa darasa la pili atakujibu. Anayetoka jasho ndiye mwanamichezo, aliyekaa amepumzika. Jibu hilo linaonekana halina kasoro, kumbe ndimo ulimojificha ugonjwa wa siku nyingi wa michezo ya nchi hii: mazoezi maana yake ni mbio, na kutulia maana yake ni uvivu.

Ugonjwa huo una gharama pande zote mbili. Vijana wanakimbia bila kujua kupumzika, na wapo wanaoacha mpira wakiwa na magoti mabovu kabla hawajafika miaka 30. Wazee nao wanaachwa nje ya michezo kabisa, mpaka siku mmoja anapoteleza kwenye tope akienda kanisani, nyonga inavunjika, na safari yake inayofuata ni ya kubebwa kwenda KCMC.

Dawa yake nusu inatoka mbali, China. Nusu ya pili ipo hapo hapo Uru miaka mingi, ila haijawahi kuitwa mazoezi.

Kwa wengi, mchezo wa Mchina ni ule wa kwenye mikanda ya video. Kizazi kilichojazana vibandani kumsikiliza marehemu Lufufu akitafsiri filamu kinamjua Mchina anayeruka ukuta na kupiga watu kumi kwa zamu. Lakini anayeingia kwenye bustani za mijini kule China alfajiri anakutana na kitu kingine. Wengi wanaofanya mazoezi pale ni wazee, na wanakwenda taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani wameduwaa. Mkono unapanda kama unasukuma maji. Mguu unatoka, unagusa chini kwanza, ndipo mwili unaufuata.

Huo ndio mchezo unaoitwa taijiquan, wengine wakiukata na kuuita taichi. Ulikua katika karne ya 17 kwenye kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, ukiwa sanaa ya kupigana ya ukoo wa Chen. Karne ya 19 bwana mmoja, Yang Luchan, aliubeba hadi Beijing. Mwaka 1956 tume ya michezo ya serikali ya China iliufupisha ukabaki na miondoko 24, ili raia wa kawaida aumudu. Desemba 2020 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Na usidhani ni mchezo wa wazee peke yao. Taijiquan ni tawi la wushu, linashindaniwa mbele ya majaji wanaotoa alama, na wushu imepewa nafasi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kuletwa Afrika.

Mchezo huo una ndugu yake anayeshangaza zaidi. Wachina wanamwita zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Miguu inapanuliwa usawa wa mabega, magoti yanakunjwa kidogo tu, mgongo unanyooka, mikono inainuliwa usawa wa kifua kama mtu aliyekumbatia pipa. Halafu basi. Mtu anasimama hapo hapo, anapumua kwa pua, hasogei.

Anayedhani hayo ni mazoezi ya wavivu ajaribu leo dakika tano. Dakika ya kwanza ni utani. Ya pili mabega yanaanza kulalamika. Ya tatu mapaja yanatetemeka na jasho jembamba linatoka kwenye paji la uso. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kukaa na kutulia. Aliyekaa ameuweka mwili chini. Aliyetulia ameushika.

Ndiyo maana walimu wa mchezo huu wanasisitiza kwamba ndani ya mwendo pawe na utulivu, na ndani ya utulivu pawe na mwendo. Maneno yanasikika kama fumbo, lakini maana yake ni ya kawaida kabisa. Anayetembea kwa taijiquan hapandi na kushuka kichwa, hahemi, wala haondoi mguu wa nyuma mpaka uzito wote uwe umehamia mguu wa mbele. Mguu mmoja umejaa, mwingine mtupu. Na anayesimama kama nguzo, kwa nje hasogei, ila kwa ndani misuli midogo ya vifundo, mapaja na kiuno inafanya kazi bila kukoma ili asianguke. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa turudi Uru, maana hapo ndipo habari inapokuwa tamu.

Watu wengi wa Uru, kama walivyo majirani zao wa Kibosho, Machame na Marangu, wamekula mkate wa mlima. Ni waongoza wageni, wapagazi na wapishi. Mtazame mwongozaji usiku wa kwenda kileleni. Msafara umeondoka kambini karibu na saa sita usiku, mwinuko umezidi mita 4,600, baridi inakata masikio, chini ni changarawe inayorudisha nyuma kila hatua. Mwongozaji yuko mbele. Anaweka mguu, anasubiri uzito uhamie, anavuta pumzi, ndipo anaweka mwingine. Kichwa hakichezi. Mgeni aliyekuja na kifua cha jimu anataka kumpita, anaambiwa neno moja ambalo limezunguka dunia nzima: polepole.

Hiyo ni taijiquan bila jina lake. Mguu uliojaa, mguu mtupu, pumzi inayoongoza hatua. Mwongozaji hakufundishwa na Mchina, amefundishwa na Kibo. Amewaona wenye misuli wakirudishwa chini kwa machela na wamama wembamba wenye subira wakipiga picha kwenye mita 5,895. Mwenda pole hajikwai, na kule juu methali hiyo ni sheria.

Mlima umefundisha na upande wa pili, ule wa kutulia. Wanaopanda kwa njia ya Marangu wakipewa siku ya ziada, wanaitumia Horombo, mita 3,720. Siku hiyo watu hawalali kutwa. Wanapanda kidogo hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, kisha wanarudi kulala pale pale walipoamka. Kwa asiyejua ni siku iliyopotea. Kwa anayejua, ndiyo siku mwili unapojifunza kuishi na hewa hafifu. Mwendo kidogo, utulivu mwingi, na kileleni faida yake inaonekana.

Sasa jambo la kushangaza ni kwamba kijana huyo huyo akishuka mlimani, hekima yote anaiacha getini.

Angalia kinachotokea kila mwaka kuelekea Kilimanjaro Marathon, mbio zinazoutikisa mji wa Moshi tangu 2003. Mwezi wa kwanza wote mtu yuko kimya. Wiki mbili tatu kabla ya siku yenyewe ndipo anakumbuka viatu, anaanza kukimbia asubuhi na jioni, kila siku kwa kasi ya mashindano. Goti likiuma anasema ni dalili kwamba mazoezi yanaingia. Siku ya mbio anafyatuka kama risasi, na kufika kilima cha kuelekea Mweka anatembea huku ameshika kiuno.

Kwenye mpira ni vile vile. Timu ya mtaani ikifungwa Jumapili, Jumatatu kocha anawakimbiza raundi ishirini. Aliyechelewa mazoezi adhabu yake ni raundi. Aliyekosa penalti, raundi. Aliyefunga mabao mawili naye anaongezwa raundi ili asivimbe kichwa. Ukimwambia kocha awape vijana siku moja ya kupumzika, anakutazama kama umetumwa na wapinzani.

Kumbe misuli haijengwi uwanjani. Uwanjani inachanwa kidogo kidogo, na inajijenga upya mtu akilala na akipumzika. Asiyetoa nafasi hiyo anabomoa kila siku bila kujenga. Wachagga wa zamani wangemwelewesha kocha huyu bila kitabu. Walichimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, na pale maji yalipokuwa machache waliyakusanya usiku kwenye bwawa dogo, asubuhi wakayafungulia yakashuka kwa nguvu. Majirani zao Wapare bwawa la namna hiyo wanaliita ndiva. Hakuna mzee aliyewahi kusema bwawa lile ni vivu kwa sababu maji yamelala.

Anayetaka mfano wa karibuni amtazame Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia kwenye joto kali. Hakujionyesha mapema. Alikaa ndani ya kundi, akaacha wenye haraka wafanye haraka yao, na kwenye mita za mwisho ndani ya uwanja akamfuata Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili walipewa saa 2:09:48, picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kilomita 42 za kujizuia, na mita chache za kujiachia. Asingejua kutulia, ile mbio ya mwisho angeitoa wapi?

Lakini deni kubwa zaidi la michezo ya Uru liko kwa wale wa kibarazani.

Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kufanya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Nia ilikuwa njema, na magonjwa ya moyo, kisukari na shinikizo la damu yapo kweli. Tatizo ni jinsi siku hiyo inavyoeleweka: spika kubwa, filimbi, mbio na kuruka. Bibi wa miaka 70 wa Shimbwe hana pa kuingilia hapo. Akijaribu kuruka na wenzake wa miaka 25, anatafuta balaa. Kwa hiyo anafanya jambo la busara, anakaa na kutazama.

Na mwili wa mzee anayekaa tu unapoteza kitu ambacho Uru kinahitajika kuliko hata pumzi, nacho ni mizani ya mwili. Huku hakuna tambarare. Kutoka jikoni hadi bandani ni mteremko, kwenda dukani ni mteremko, kwenda kanisani ni kupanda na kurudi ni kushuka. Masika yakianza, udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Mwili usiojua kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, huo unasubiri siku yake.

Ni hapo ambapo mchezo huu wa Wachina umepimwa kwelikweli. Uchambuzi mkubwa wa mtandao wa watafiti wa Cochrane uliotoka 2019, uliokusanya majaribio zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa taijiquan inaweza kupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 20. Mazoezi mengine ya mizani nayo yalisaidia, tena vizuri. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Waliofanya taijiquan mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kuinua uzito.

Ugonjwa huo hauko Marekani tu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya jirani ya Hai na kuchapishwa 2008, kwenye eneo la watu zaidi ya 161,000, ulikuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wazee wanaotetemeka vibarazani, majirani wakisema ni uzee.

Wapo watakaopinga, na hoja zao hazifai kudharauliwa.

Wa kwanza atasema mtu wa Uru hahitaji kufundishwa mazoezi. Mama anaamka alfajiri, anashuka kutafuta majani ya ng'ombe, anapanda na mzigo kichwani, analima, anachota maji. Mazoezi gani tena? Ni kweli, na mama huyo ana nguvu ambazo vijana wengi wa jimu hawana. Lakini kazi na mazoezi si ndugu wa tumbo moja. Kazi inauchukua mwili ulivyo na kuutumia. Inakandamiza shingo ile ile na goti lile lile kila siku, miaka 40. Mazoezi ndiyo yanayorudisha kilichotumika. Mama huyo mwendo anao wa kutosha, anachokosa ni dakika 15 za kusimama bila mzigo, mgongo ukanyooka na pumzi ikashuka tumboni.

Wa pili atauliza kama hiyo si dini ya watu imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Uru ni nchi ya Wakatoliki, swali hilo lazima lije, na halina ubaya. Ukweli ni kwamba fikra za mchezo huu zimechota kwenye falsafa ya kale ya China, jua na kivuli, kujaa na kupungua. Lakini miondoko ile 24 ya 1956 ilipangwa na watu wa michezo, kwa ajili ya afya, na hakuna sala ndani yake. Aliyewahi kwenda mafungo anajua kukaa kimya na kusikiliza pumzi yake hakumwondoi mtu kwenye imani. Mpira wa miguu nao uliletwa na wageni, na leo hakuna padri anayeuogopa. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968, na wagonjwa wanapanga foleni.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema kusifia utulivu ni hatari kwenye nchi ambayo tayari wengi wanakaa mno, kwenye viti vya ofisi, kwenye bodaboda, kwenye vilabu vya mbege. Yuko sahihi. Utulivu usio na mwendo unaua kama mwendo usio na utulivu. Ndiyo maana Wachina hawakuvitenganisha. Anayesimama kama nguzo anamaliza kwa kutembea, na anayetembea anamaliza kwa kusimama. Mzee wa kibarazani anahitaji kuinuliwa asogee, kijana wa mchakamchaka anahitaji kushikwa atulie. Dawa ni moja, kipimo ndicho tofauti.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti ya wizara. Viwanja vya shule na vya parokia vipo, Kishumundu, Okaseni, Materuni, kote huko. Chuo kinachofundisha wataalamu wa fiziotherapia kipo KCMC, mteremko mmoja tu kutoka Uru. Wanafunzi wake wangeweza kupandisha mara moja kwa wiki kuwaongoza wazee, kuwapima shinikizo na kuwatenga wale wenye kizunguzungu wafanye wakiwa wameshika kiti au ukuta. Si lazima kuanza na miondoko 24. Wachina wana mazoezi mengine mepesi, baduanjin, yenye vipande nane tu, na hayachukui hata nusu saa.

Kwa vijana ni rahisi zaidi. Kocha akate dakika kumi za mwisho za mazoezi, filimbi iwekwe mfukoni, timu isimame duara, magoti yakunjwe kidogo, kila mtu asikilize pumzi yake. Halafu wiki iwe na siku moja ambayo hakuna raundi, na isiitwe siku ya uvivu. Iitwe Horombo, maana kila kijana wa Uru ataelewa mara moja.

Na walimu wa kwanza wapo tayari. Ni wale waongoza wageni waliostaafu, ambao magoti yamechoka lakini hatua bado wanaikumbuka. Kwa miaka mingi wamewafundisha Wajerumani, Wamarekani na Wajapani jinsi ya kuweka mguu, kusubiri, kuvuta pumzi, kuweka mwingine. Wageni wamelipa dola nyingi kwa somo hilo. Jirani wa mwongozaji, mzee wa nyumba ya pili, hajawahi kufundishwa hata mara moja, na masika hayo yanakuja.